Una Tanga na Mashine? Kukaza Mashine Hakukufikishi Mapema

Julai moja nilikuwa kwenye mashua ya mjomba wangu, tunatoka Kipumbwi kwenda Pangani na magunia ya nazi. Mashua yenyewe ni ndogo, ina mlingoti mmoja, na nyuma kwenye tezi imefungwa mashine ya nguvu farasi 15. Kusi lilikuwa linatusukuma vizuri tu, lakini mjomba alitaka kuwahi mlango wa mto kabla maji hayajaanza kupwa. Basi akazungusha mkono wa mashine hadi mwisho, akauacha hapo hapo. Tanga tulikuwa tumelikunja na kulilaza chini. Juu yake tukapanga nazi.

Tulipokaribia mlango wa mto, mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Haikuharibika. Petroli ilikwisha. Maji yalishaanza kutoka, yanakutana na mawimbi ya kusi, bahari imechafuka, na tanga letu liko chini ya magunia! Tukatupa nanga, lakini kamba ilikuwa fupi, nanga ikawa inaburuza tu. Tulihamisha magunia kwa mikono huku tunatetemeka, mpaka tukalipata tanga. Tukaachana na mto, tukakimbia na upepo hadi ufukwe ulio kaskazini. Nazi zilifika sokoni kesho yake, kwa gari.

Jioni mjomba akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe si unasoma fizikia? Niambie basi, petroli yangu imekwenda wapi?" Makala hii ni jibu nililompa. Kama nawe una mashua yenye tanga na mashine, naamini litakufaa.

Petroli ilikwenda kutengeneza mawimbi

Mashua inapotembea inasukuma maji, na maji hayo yanainuka kuwa wimbi mbele kwenye omo na jingine nyuma kwenye tezi. Kadiri unavyoongeza mwendo, ndivyo wimbi linavyozidi kuwa refu. Inafika mahali urefu wa wimbi unalingana na urefu wa mashua. Hapo tezi inazama bondeni, omo inainuka, na mashua inakuwa kama mtu anayepanda mlima alioujenga mwenyewe. Ukiongeza moto, mlima nao unakua.

Mwendo huo unaweza kuukadiria. Pima urefu wa mashua pale inapogusana na maji, kwa mita. Tafuta kipeuo cha pili cha urefu huo, kisha zidisha kwa 4.5. Mashua ya mita 6 inapata kama kilomita 11 kwa saa. Huo ndio ukuta wake. Boti nyepesi za faiba zenye tako bapa hupanda juu ya maji na kuuvuka, lakini mashua ya mbao iliyojaa mizigo haiwezi.

Hata kabla ya kufika ukutani gharama ni kubwa. Kwa makadirio ya kawaida, nguvu inayohitajika inakua kwa mchemraba wa mwendo. Ukishuka kutoka kilomita 11 hadi 9 kwa saa, unahitaji nguvu iliyo zaidi kidogo tu ya nusu. Safari ya kilomita 20 itachelewa kama dakika 24, lakini utaokoa karibu theluthi ya petroli. Theluthi hiyo ndiyo tuliyoikosa sisi pale mtoni.

Huhitaji kipimo chochote kuujua ukuta. Tazama nyuma. Ukiona tezi imekaa chini na wimbi kubwa linakufuata, punguza moto mpaka omo ishuke. Na petroli igawe mafungu matatu: moja la kwendea, moja la kurudia, moja la akiba usiloligusa.

Uzito wa nyuma unabadili tabia ya mashua

Mashine ya farasi 15 ina uzito wa kilo 40 hivi, na nyingine hupita hapo. Lita 25 za petroli ni kama kilo 18. Huo ni uzito wa mtu mzima aliyekaa mwisho kabisa wa mashua, tena hashuki. Kwa kuwa yuko mbali na katikati, kishindo chake ni kikubwa, kama mtoto mwepesi aliyekaa ncha ya bembea ya ubao anavyoweza kumwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati.

Matokeo yake omo inakaa juu na upepo unaisukuma ovyo, na mashua inakataa kubisha. Dawa yake ni kusogeza farumi au mizigo mbele kidogo, mpaka mashua ikae sawa majini. Fanya hivyo ukiwa bado ufukweni.

Tanga na mashine kwa pamoja: lini vinasaidiana?

Tanga haliujui upepo unaovuma baharini. Linajua ule tu unaolifikia. Chukua kusi la kilomita 20 kwa saa linalokuja kutoka nyuma, na mashine inayokupeleka kilomita 11. Tanga litapata upepo wa kilomita 9 tu. Na kwa kuwa nguvu ya upepo inakwenda kwa mraba wa kasi yake, hicho kilichobaki ni kama sehemu moja ya tano ya nguvu ambayo upepo ule ungekuwa nayo juu ya tanga lililosimama. Yaani unanunua petroli ili ukimbie upepo wa bure! Upepo ukiwa nyuma na wa kutosha, zima mashine.

Ukiwa unatoka ubavuni, mambo ni tofauti. Hapo mashine ya moto mdogo na tanga vinasaidiana kweli, hasa mkondo unapokuzuia. Lakini angalia mlalo. Mashua ikilala sana upande, rafadha inaweza kutoka majini. Utaisikia mashine inalia ghafla. Wakati huo huo inaweza kuwa inavuta hewa badala ya maji ya kupoozea, na itaungua. Peleka watu upande wa joshi, legeza demani, au punguza moto. Ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi mwako muda wote. Ukianguka majini, rafadha inasimama.

Kukaribia gati

Gari likikata kona, mbele ndiko kunakoongoza. Kwenye mashua, nyuma ndiko kunakorushwa nje. Ukikata kulia karibu na gati lililo kushoto kwako, tezi italigonga.

Jambo la pili, usukani unafanya kazi kwa maji yanayopita juu yake. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya usukani inabaki robo. Kama unaongoza kwa mashine yenyewe, ukifunga moto kabisa huna usukani hata kidogo. Kwa hiyo ingia ukiwa umeelekea mkondo. Maji yataendelea kupita kwenye usukani wakati wewe unasogea taratibu, na mkondo utakusaidia kusimama. Tumia moto kidogo kidogo, wa kugusa na kuachia.

Nanga ndiyo breki yako

Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Inashika kwa kuvutwa ikiwa imelala, ili ichimbe mchanga. Kamba fupi inaivuta kwenda juu, inaing'oa. Kanuni ni kamba mara 5 ya kina, na zaidi bahari ikichafuka. Lakini ni kina gani? Watu wengi wanapima maji yakiwa yamekupwa na kusahau kwamba yatajaa. Tuseme maji makavu ni mita 3, bamvua linaongeza mita 3 na nusu, na omo iko nusu mita juu ya maji. Jumla ni mita 7, kwa hiyo unahitaji kamba ya mita 35. Yetu siku ile haikufika hata 15.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka pale kwenye habari ya kununua petroli ili kukimbia upepo. Hakusema kitu. Ila kamba ya nanga alinunua wiki ile ile, na nilipokwenda tena Kipumbwi nikakuta utaratibu wa kupakia umebadilika. Siku hizi nazi zinapangwa kwanza, tanga linalazwa juu.