WINTA HAINA HURUMA: USIIACHE INJINI YA PIKIPIKI YAKO IPASUKE

Leo tuingie gereji kidogo. Siku hizi kila mtu ana kaka, binamu au mshikaji aliyezamia ughaibuni, na wengine wakishapata vijisenti kule cha kwanza wananunua pikipiki kubwa. Kiangazi wanapiga misele, picha zinatumwa nyumbani, raha tupu. Shida inaanza Novemba, pikipiki inapofungiwa gerejini mpaka Aprili.

Hapa kwetu fundi akikuta rejeta imepungua anachota maji bombani, anamimina, safari inaendelea. Tabia hiyo ukiihamishia Minnesota kule Marekani, ambako Wakenya na Wasomali ni wengi, utalia. Januari kule, usiku kushuka chini ya nyuzi -20 za Sentigredi ni jambo la kawaida kabisa.

KWA NINI INJINI INAPASUKA?
Ushawahi kusahau chupa ya maji kwenye friza? Basi ni kitu kilekile. Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9, yaani lita 1 inakuwa karibu lita 1.09. Ndani ya injini maji yanapita kwenye njia nyembamba kuzunguka silinda, na barafu ikikosa pa kwenda inasukuma chuma. Iwe alumini, iwe chuma cha kusubu, kinapata ufa. Rejeta na pampu ya maji navyo haviponi. Silinda ikishapasuka, mara nyingi gharama ya matengenezo inakaribia bei ya pikipiki yenyewe.

Ila tusitishane. Pikipiki inayopozwa kwa hewa, kama Boxer na TVS HLX za bodaboda wetu, haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuganda ndani ya injini. Hii stori ni ya zile zenye rejeta.

DAWA NI KULANTI
Kulanti ya kuzuia kuganda mara nyingi ni kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, haigandi mpaka karibu nyuzi -37. Sasa usijifanye mjanja ukamimina kulanti tupu bila maji. Ikiwa peke yake inaganda kwenye nyuzi -13 hivi! Mchanganyiko ndio wenye nguvu, na usizidishe asilimia 70 ya kulanti. Nyingine zinauzwa zikiwa zimeshachanganywa, kwa hiyo soma lebo kwanza.

Kama hujui aliyekuuzia pikipiki aliweka nini, usibahatishe. Kuna kipimo kidogo cha bei poa, unavuta kulanti kidogo, kinakuonyesha itaganda nyuzi ngapi. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa, la sivyo itakuunguza. Ukishabadilisha, washa injini mpaka ipate moto vizuri ili themostati ifunguke na kulanti ifike kila kona. Hiyo kazi fanya NJE. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina harufu, na kwenye gereji lililofungwa inaua watu.

Halafu glaikoli ina ladha tamu lakini ni sumu kali. Mtoto au mbwa akilamba iliyomwagika, ni hospitali moja kwa moja.

MENGINE YA KUFANYA KABLA YA KUFUNGIA

1. Badilisha oili. Oili iliyotumika ina unyevu na asidi, ikikaa miezi mitano inakula vyuma vya ndani.

2. Jaza tangi la petroli, weka na dawa ya kuitunza isichache, kisha washa dakika chache ili dawa ifike mbele. Tangi likiwa tupu linavuta unyevu na kupata kutu. Kama ni ya kabureta, imwage petroli iliyobaki kwenye kabureta.

3. Toa betri, weka ndani ya nyumba, uichaji mara mojamoja. Betri ya asidi iliyojaa haigandi hata kwenye -50, lakini iliyoisha kabisa inaweza kuganda na kupasuka hata kwenye -10.

4. Funika kwa turubai linalopitisha hewa. Nailoni inafungia unyevu ndani.

UONGO WA KIJIWENI
Wapo wanaosema uiwashe dakika 5 kila wiki ili isilale. Si kweli. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji. Injini isipopata moto wa kutosha, mvuke ule unabaki kwenye oili na kwenye bomba la moshi, kutu inaanza. Ukishaifungia vizuri, iache ilale.

Wengine wanasema blanketi zito linatosha. Blanketi halizalishi joto. Injini iliyozimwa haina moto wake yenyewe kama mwili wa binadamu, baada ya saa kadhaa itakuwa baridi sawasawa na gereji. Kama gereji ni -20, na injini ni -20.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu kule, mpigie leo umuulize swali moja tu: kwenye rejeta kuna maji au kulanti? Akisita kujibu, mwambie akapime kabla theluji haijaanguka. Kopo la kulanti halifikii hata robo ya bei ya silinda mpya.

Nawakilisha!