Sitiari ya Kwekwe: Jina la Kikosi na Hatima ya Mshukiwa

Makala hii inanuia kufafanua jinsi jina la kikosi cha polisi linavyoweza kubeba falsafa nzima ya kupambana na uhalifu. Mtaa tunaouangazia ni Kiamaiko, Nairobi, maarufu kwa soko la mbuzi na machinjio, jirani ya Huruma na Mathare.

Kwanza, usuli. Mnamo Machi 2002, zaidi ya watu 20 waliuawa Kariobangi, karibu na Kiamaiko, katika uhasama baina ya Mungiki na kundi lililojiita Taliban. Serikali iliyapiga marufuku makundi hayo, lakini utozaji fedha kwa nguvu, hasa kwa wenye matatu, uliendelea. Hofu ya wakazi ilikuwa ya kweli, na mjadala usioitambua huwadhulumu. Juni 2007, baada ya askari kuuawa Mathare, msako wa polisi uligharimu maisha ya watu zaidi ya 20. Ni katika kipindi hicho ambapo kikosi kilichojulikana kama Kwekwe kiliwakabili Mungiki.

Kwekwe, kama tujuavyo, ni magugu. Sitiari huhamisha sifa: mshukiwa akiitwa gugu, mtaa huwa shamba na askari huwa mkulima. Gugu halihojiwi, halishtakiwi wala halikati rufaa, hung'olewa. Hivyo jina limekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu kuketi. Isitoshe, gugu na mche hufanana vikiwa vichanga. Kijana wa Kiamaiko asiye na hatia huvaa kama wenzake na huzungumza Sheng kama wao. Anayepalilia kwa pupa hung'oa vyote viwili.

Matokeo yake yalidhihirika. Februari 2009, Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, alizuru Kenya na kutangaza kwamba kulikuwa na vikosi vya polisi vya mauaji. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 2011 ilipitishwa sheria ya kuunda IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi. Hata hivyo, Oktoba 2022 Rais William Ruto alitangaza kuvunjwa kwa kikosi kingine, SSU, kwa tuhuma zizo hizo.

Sarufi nayo hushiriki. Machi 2020, mtoto aliyekuwa roshanini Kiamaiko aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitekeleza kafyu. Baadaye askari alishtakiwa kwa mauaji. Katika visa kama hivyo husikika msemo "risasi iliyopotea". Hapo risasi ndiyo mtenda, naye aliyefyatua ametoweka katika sentensi.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana bunduki wala rungu la hakimu. Anao, hata hivyo, uwezo wa kuuliza: nani ametenda? Aidha, anaweza kusisitiza kwamba mshukiwa aitwe mshukiwa. Tofauti kati ya neno hilo na "kwekwe" ni tofauti kati ya kizimba na kaburi.