Posti ikibadirisha nimero

Inafika mara mingi: mama anaita kampani juu ya kuuliza habari ya bwana yake mwenye kulazwa mu lopitali. Karatasi ya nyumbani inaonyesha posti 214. Mutu anaitika: "Hapa ni depo ya mapiesi, mama. Lopitali ilishahama." Anakata. Mama anabaki na simu mu mukono.

Posti ni nimero ndogo yenye kutumika ndani ya kampani tu. Zamani standardiste njo alikuwa anachomeka fishi mu tundu, mukono kwa mukono. Mashini ya automatike ilitoka kwa Almon Strowger, Mumarekani mwenye kazi ya kuzika bafu. Alipata brevet yake mu mwaka 1891. Batu banaeleza kama alikasirika juu mwanamuke wa standard alikuwa anatuma bakliya bake kwa mushindani. Pengine ni masolo tu, lakini inafurahisha.

Mashini haina akili ya standardiste, inahesabu tu. Mu makampani mingi 0 ni ya kutoka inje. Basi hakuna posti yenye kuanza na 0. Tena huwezi kupana mutu mumoja 21 na mwingine 214: ukisha kupiga 2 na 1, mashini itajua namna gani kama unangojea 4? Njo sababu mara mingi posti zinakuwa na urefu mumoja. Namba ya kwanza inaonyesha service: tuseme 2 ya mabiro, 3 ya maateliye, 4 ya lopitali.

Zamani nimero ilikuwa ya waya. Shefu akihama biro, fundi alienda ku repartitere kuhamisha nyuzi mbili. Siku hizi, na simu za kupitia rezo ya ordinatere, nimero inafuata simu yenyewe: beba simu mpaka nyumba ingine, chomeka, inalia. Ni mwepesi sana, na hapo njo hatari iko. Kama liste ya basaidizi ingali inasema "posti 316, ateliye", batakimbilia ateliye, na mwenye kuumia iko fasi ingine.

Ku Marekani, mu Desemba 2013, mutoto mwanamuke wa miaka tisa alijaribu mara ine kuita 911 mu chumba cha hoteli ku Texas, mama yake akiuawa. Simu haikupita: ilihitaji kupiga 9 mbele. Hakuna mutu alimufundisha ile. Sheria yenye kubeba jina la mama, Kari, ilitiwa sinyatire mu 2018: simu za namna ile, zile mupya, lazima ziite 911 mara moja, bila namba ya mbele.

Mu mugodi, nimero ya hatari haifai kuguswa hata kama service yote inahama. Zingine zikibadirika, fundi anaweza kuelekeza posti ya zamani ku mupya, na kuiacha miezi mingi bila kuipana mutu mwingine. Ni kazi ya dakika chache. Wakubwa bengi banaisahau, juu simu ya kwao inaendelea kulia.

Bamama, muulize bwana posti ya service yake na ya lopitali, muandike pamoja na tarehe, mubandike pa mulango. Yeye mwenyewe, mbele ya kushuka, atazame karatasi ya pembeni ya simu ya chini: nimero ni ile ya leo, ao ya mwaka jana?