Raha ya Ghorofa Iko Juu, Kimbembe Kiko Kwenye Lifti

UKITAKA kuiona Dar mpya, simama pale Mnazi Mmoja, ipe mgongo Kariakoo, halafu inua macho kuelekea Kisutu na Upanga. Zile nyumba za ghorofa mbili tatu zenye nondo madirishani na rangi iliyobabuka, zilizokuwa sura ya Uhindini miaka nenda rudi, zinazidi kupungua. Mahali pake yanasimama majengo ya ghorofa kumi na kuendelea, vioo vitupu: chini maegesho, katikati apatimenti, juu kabisa jimu na bwawa la kuogelea ambalo ukiogea unaziona meli zikiingia bandarini.

Na anayehamia humo siku hizi si mzee mwenye duka la vitambaa peke yake. Yumo kijana wa benki, binti wa kampuni ya simu, na wale wachumba wawili waliochoshwa na foleni ya Mbezi. Zamani mtoto wa mjini akipata mshiko, ndoto yake ilikuwa kiwanja nje ya mji, ukuta, geti jeusi na mbwa mkali. Sasa wapo wanaouliza: ya nini kuamka saa kumi alfajiri ili ukafike kazini Posta saa mbili, wakati unaweza kulala palepale Posta?

Tusiwabeze, wana hoja. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi 2016 na yanamshusha mtu Kivukoni. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa 2022, likawaunganisha watu wa Upanga na Oysterbay bila kuisongamania Salenda. Treni ya SGR ilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata, na kutoka Kisutu hadi stesheni ni safari fupi ya bajaji. Jioni ukishuka chini mishkaki inafuka moshi, miwa inakamuliwa, duka la dawa liko wazi. Huko Goba ukiishiwa chumvi saa nne usiku, utakula bila chumvi.

Lakini kuna jambo moja ambalo dalali hakwambii, kwa kuwa yeye kazi yake ni kukuonyesha bahari. Apatimenti si nyumba. Ni kipande cha jengo. Sebule ni yako, ila lifti, pampu, jenereta, ngazi na paa ni vya watu arobaini msiofahamiana. Ukikodi au kununua, unaingia ubia na watu hao, upende usipende. Mengi yanayowakuta vijana huko juu chanzo chake ni hapo.

Kwanza tujue tunakanyaga wapi. Mji huu wakoloni waliukata vipande: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, na pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama uzio. Aprili 1971 serikali ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi hapahapa katikati ya jiji. Yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, yaani NHC. Kodi zilikuwa zikidhibitiwa na sheria, na udhibiti huo ulikuja kufutwa mwaka 2005. Nyumba inayoingiza kodi kiduchu nani ataipaka rangi? Mabomba yakaoza, ngazi zikamomonyoka, huku ardhi iliyo chini yake ikizidi kuwa dhahabu. Baadaye ukaja ubia: shirika linatoa kiwanja, tajiri analeta fedha, ghorofa mbili zinavunjwa, kumi na tano zinapanda. Wapo waliozaliwa katika vyumba vile wakahamishwa, nao sasa wanapita chini wakihesabu madirisha.

HESABU YA KUINGIA

Tuchukue mfano tu, si bei ya jengo lolote. Kodi iwe milioni moja na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba wa Bongo hapokei ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, mwingine ya mwaka mzima. Ya miezi sita ni milioni 9. Dalali anachukua ya mwezi mmoja, milioni 1.5, ukiacha ile hela ndogo ya ‘kuonyeshwa’ ambayo hairudi hata ukikuta chumba kina popo. Amana ya uharibifu, mwezi mwingine, milioni 1.5. Halafu kuna mdudu anaitwa sevisi chaji, yaani hela ya kuliendesha jengo: tuseme laki moja na nusu kwa mwezi, kwa miezi sita laki tisa. Jumla milioni 12.9, na hujanunua hata pazia. Na madirisha ya huko juu, dada yangu, ni ukuta mzima. Pazia lako la Tandika litaishia kwenye magoti.

Lingine ni dola. Majengo haya yalizoea kutaja kodi kwa dola, kana kwamba Upanga ni mtaa wa Washington. Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za hapa nchini kuuzwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Ukitajiwa dola, uliza kwa upole ni shilingi ngapi, na mkataba uandikwe shilingi. Kodi ya dola inaweza kupanda usiku ukiwa umelala, bila mwenye nyumba kugonga mlango.

LIFTI IKIGOMA

Hapa ndipo patamu. Jengo likiwa jipya kila kitu kinanukia rangi. Lifti inapanda kimya, mlinzi anapiga saluti, jenereta linawaka kabla hujatafuta tochi. Ngoja miaka mitano.

Piga hesabu ya jengo la apatimenti 40, kila moja ikitoa laki moja na nusu. Hiyo ni milioni 6 kwa mwezi. Humo wanalipwa walinzi, wafagiaji, fundi wa lifti, gari la taka, umeme wa ngazi na wa pampu, dizeli ya jenereta. Sasa wenye apatimenti 15 wasilipe. Mmoja yuko Dubai hapokei simu, mwingine nyumba yake ni tupu anasema haitumii lifti, mwingine anapangisha kwa siku kwa wageni wa wikiendi na hataki kujulikana. Zinabaki milioni 3.75. Mlinzi hukatwi, wezi watakuja. Taka huachi, zitanuka. Kinachoachwa ni kile kisicholia leo: matengenezo ya lifti. Kinakuja kulia siku ya pili ya Idi, mtungi wa gesi uko begani, nawe unakaa ghorofa ya 11.

Umeme nao una mambo yake. Tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lianze kuzalisha Februari 2024, ule mgawo uliotutesa 2022 na 2023 umekuwa hadithi. Lakini kukatika kwa saa mbili tatu bado kupo. Uswahilini umeme ukikatika unakosa taa na luninga, unatoka kibarazani mnapiga soga. Ghorofani unakosa lifti, na tanki la juu likiisha unakosa na maji, kwa sababu pampu ya chini imelala. Hapo ndipo utawaona watu waliopiga pamba za nguvu wakipandisha ndoo ngazini kama wapo kijijini. Na hata maji yakiwepo, uliza ni ya DAWASA au ya kisima. Visima vya pwani vina chumvi; maji hayo yanakula bomba, yanakula hita, na nywele zako yanazifanya katani.

Kwa hiyo ukipelekwa kuona apatimenti, usiende Jumapili asubuhi dalali akiwa amejiandaa. Nenda Jumatano saa moja usiku, watu wanaporudi makazini. Hesabu lifti ngapi zinafanya kazi, na muulize mlinzi, siyo dalali, ni lini mara ya mwisho zilikwama. Panda kwa miguu japo ghorofa nne unuse zile ngazi. Ngazi hazidanganyi.

Na kama jengo bado linajengwa, usione aibu kusoma bango la mradi: mkandarasi nani, mhandisi nani, kibali kinasemaje. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati kabisa ya mji huu tunaousifia, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, tena lenye maduka na watu ndani, wakafa zaidi ya 20. Mtu anayekwambia unauliza maswali mengi mno, mwache na ghorofa lake.

NANI MWENYE JENGO?

Wengi hawajui kwamba sheria ipo. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo. Inamruhusu mtu kupata hati ya apatimenti yake peke yake, pamoja na fungu lake katika vitu vya pamoja. Inataka wenye sehemu wawe na chama chao, kiwe na kanuni, kikusanye michango, kitunze jengo. Yaani ghorofa ni kama mtaa, na mtaa una serikali yake. Palipo na chama kinachokutana na kusoma mahesabu, lifti inapanda. Pasipo na chama, au pale aliyejenga anapokalia fedha zote bila kumwonyesha mtu risiti, sevisi chaji ni sadaka tu.

Anayenunua adai kuona hati ya sehemu yake, siyo karatasi ya makubaliano yenye mihuri mitatu ya kutisha. Ukiambiwa hati ‘ipo njiani’, na wewe hela yako iwe njiani.

Tena tusidanganyane kuhusu kununua. Mikopo ya nyumba benki zetu mara nyingi huitoza riba kati ya asilimia 15 na 19. Ukikopa milioni 200 kwa asilimia 16, ulipe kwa miaka 15, kila mwezi ni kama milioni 2.94. Mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 529. Umejinunulia apatimenti moja, na benki umeinunulia moja na nusu. Ndiyo maana vijana wengi unaowaona kule juu ni wapangaji, na si ajabu ukakuta watatu wamegawana vyumba vitatu, kila mmoja mtandaoni anapiga picha balkoni ileile akisema ni kwake.

Mpangaji hana kura kwenye chama cha wenye sehemu, ila ana kalamu siku ya kusaini mkataba. Iandikwe humo nani analipa sevisi chaji, na kama mwenye nyumba hakulipa, mpangaji afungiwe maji au la. Iandikwe pia habari ya kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo unamlipia bila hata ahsante. Kubalianeni akurudishie.

KINU NA TURUBAI

Halafu kuna maisha yenyewe. Mswahili amezoea uwanja. Kisamvu kinatwangwa, na ukikitwanga ghorofa ya 9, jirani wa ghorofa ya 8 anadhani ni tetemeko. Jiko la mkaa balkoni linakatazwa, nguo kuanikwa upande wa barabarani zinakatazwa, muziki mwisho saa nne. Wale wazee wa Uhindini wanatucheka. Wao ghorofa wamelizoea toka utotoni: wanashusha kapu kwa kamba, muuza mboga anaweka mchicha, kapu linapanda na maongezi yanaendelea. Katika majengo mapya madirisha ya vioo hayafunguki vya kutosha kupitisha hata kikombe.

Gumu kuliko yote ni msiba. Turubai utalifunga wapi, kwenye maegesho? Masufuria ya pilau yapikwe bwawani? Mlinzi anataka kila mgeni aandike jina na namba ya simu, wakati mama zako wa Temeke wanaingia kwa kilio watu hamsini kwa mpigo, na lifti inabeba wanane. Ndiyo maana wakazi wa humo wakipata shida wanarudi kulilia nyumbani kwa wazazi, uswahilini, kwenye uwanja. Harusi vilevile. Kwa hiyo kabla hujahama mtaa kwa mbwembwe, waage majirani vizuri, utawahitaji.

Na kama huna gari, soma mkataba wako tena. Apatimenti nyingi zina nafasi ya maegesho ndani ya kodi. Uliza ya kwako iko wapi, kisha shuka ukaangalie ni gari la nani limelala hapo, na huyo mwenye gari anamlipa nani.