Raha ya Timu ni Mtani

Asubuhi inayofuata mechi ya Simba na Yanga, mwenyeji wa Dar es Salaam hahitaji gazeti ili ajue matokeo. Anatazama tu nani amewahi kijiweni na nani hajaonekana. Fundi baiskeli anayefungua saa moja kila siku, leo saa nne bado, na mkewe anasema ana homa. Homa hiyo ina idadi ya mabao. Fundi cherehani wa upande wa pili, ambaye siku nyingine huamka kwa kubembelezwa, yupo tangu alfajiri, jezi imepigwa pasi, cherehani bado imefunikwa, anasubiri watu wapite.

Mimi ni wa Jangwani, yaani wa Yanga, na nalitaja hili mapema ili msomaji wa Msimbazi, yaani wa Simba, ajue maneno yangu ayapunguze kwa kiasi gani. Nikiulizwa starehe yangu ni ipi, nasema mpira. Lakini dakika tisini za uwanjani ni sehemu ndogo tu ya starehe hiyo. Iliyobaki ni maneno: kutambiana kabla ya mechi, kukumbushana miezi kadhaa baada yake. Nimetazama mechi kubwa za Ulaya peke yangu sebuleni, picha safi, kiti laini, na sasa siwezi kukwambia nani alifunga. Ila sare ya bila mabao niliyoitazama mvua ikininyeshea, nimebanana na shemeji yangu wa Simba, naikumbuka hadi kona zake.

Magazeti huziita timu hizi mbili watani wa jadi, na kwa hili magazeti hayakutia chumvi. Utani ni mila yenye sheria zake, na ilikuwapo kabla ya mpira wa ngozi kuonekana pwani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Husimuliwa kwamba utani wao ulianza zama za misafara ya kwenda Bagamoyo, wapagazi kutoka bara wakikutana na wenyeji wa pwani. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako wa damu hathubutu kukuambia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na kijiji kizima kitakucheka. Lakini haki hiyo inakuja na kazi. Mtani ndiye anayetakiwa msibani, kuvunja kilio, kuzuia njia ya kaburi mpaka apewe chochote, kuwaambia wafiwa ukweli ambao wengine wanauogopa.

Chukua sheria hizo uzipeleke Kariakoo, utaona hazikubadilika sana. Niliwahi kuzika jirani huku Temeke, mzee wa Simba aliyekuwa na kadi ya uanachama tangu ujana wake. Kabla udongo haujaanza kurudishwa, mzee mwenzake wa Yanga, rafiki yake wa baraza moja, alishika sepetu akagoma kuitoa. Akadai marehemu ameondoka na deni lake la mabao, na watoto walipe hapohapo la sivyo hakuna mazishi. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa hajatamka neno tangu jana yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa kanzu. Noti ikatoka. Mzee akaipokea, akaichunguza kwenye mwanga kana kwamba ni bandia, kisha yeye ndiye akaanza kufukia, na hakuna aliyeweza kumpokonya ile sepetu mpaka mwisho.

Kuhusu undugu wa timu hizi mbili, simulizi inayokubalika ni kwamba nyumba ilikuwa moja. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata kundi likajitenga likaanzisha timu yake, ambayo ilipita majina kadhaa likiwemo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Sisi tunasema walitoka kwetu. Wao wanasema waliondoka kwa sababu walijua wanachokifanya. Hapo pekee pana kazi ya jioni nzima.

Madeni hurithiwa. Kijana aliyezaliwa juzi anakudai mabao sita ya tarehe 19 Julai 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alitufunga matatu peke yake. Anakudai kana kwamba alikuwepo uwanjani na wewe ulikuwa golini. Atakuongezea matano ya Mei 2012. Hayo nimeyataja kwa sababu uungwana unataka yatajwe, na sasa nimemaliza. Sisi tunahesabu matano ya Juni 1968, na hasa yale matano kwa moja ya tarehe 5 Novemba 2023. Katikati ipo mechi ambayo haina mwenyewe, ya Oktoba 2013: hadi mapumziko Yanga wanaongoza tatu bila, hadi mwisho ni tatu kwa tatu. Mpaka leo ukitaka kumkasirisha mtu wa Yanga wa makamo, muulize wakati wa mapumziko siku ile alikuwa wapi na alikuwa akisema nini.

Asubuhi ya baada ya ile tano kwa moja nilikuwa kijiweni kwetu mapema, na sikuwa peke yangu. Muuza kahawa wetu ni kijana wa Simba. Alikuja na birika lake na ndoo ya vikombe kama kawaida, hakuugua homa, na kwa hilo peke yake tulimheshimu. Mzee mmoja wetu akanyoosha kiganja, vidole vyote vitano wazi.

“Mjukuu wangu, nipe vikombe vitano. Kimoja nitakurudishia.”

Watu wakavunjika mbavu. Kijana hakuinua uso. Akasuuza kikombe kimoja, akamimina taratibu mpaka juu, akakiweka mbele ya mzee pamoja na kipande cha kashata.

“Hiki kimoja ndicho chetu, mzee wangu. Kinywe kwa heshima, tulikihangaikia sana.”

Kijiwe kizima kikampigia makofi yeye. Wa Yanga ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Watu wa nje hawalielewi jambo hili: kijiwe kina msimamo wake wa ligi, tofauti na ule wa Bodi ya Ligi, na mtu anaweza kupigwa tano uwanjani Jumapili akaongoza kijiweni Jumatatu. Kinachohesabiwa ni jibu. Anayekuja na matusi ya nguoni hapati pointi hata moja. Anayenyamaza anapewa pole, na pole ya kijiweni ni mbaya kuliko kipigo.

Ndiyo maana klabu zetu zina cheo ambacho sijui kama kwingine kina umaarufu kama wa kwetu, cheo cha msemaji. Kwenye karatasi kazi yake ni kutoa taarifa za mechi na tiketi. Mtaani kazi yake ni kutania kwa niaba ya mamilioni. Haji Manara, mtoto wa Sunday Manara aliyeichezea Yanga, alikuwa ulimi wa Simba kwa miaka kadhaa. Mwaka 2021 akahamia Yanga, na uhamisho huo ulizungumzwa sawa na wa mshambuliaji. Leo Ahmed Ally wa Simba na Ali Kamwe wa Yanga wakiitisha mkutano na waandishi, watu wanasogeza viti. Kila upande unataka kusikia wa kwake alivyomjibu mwenzake. Zamani kila ngoma ilikuwa na malenga wake, aliyelindwa na kundi lake na kuogopwa na la jirani, na sioni tofauti kubwa.

Mpira haukuleta tabia hii, ulifuata mkondo uliokuwepo. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni iliibuka katika miji ya pwani ya Kenya, na tangu mwanzo ilikuwa ya kushindana: Mombasa walikuwa na Kingi na Skochi. Ilipoenea Tanganyika, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ikawa Marini na Arinoti, na ukifika mji wenye Marini ulijua Arinoti hawako mbali. Walishindana kwa sare, kwa vyeo vya kubuni vya kijeshi, kwa mapigo ya ngoma na kwa karamu. Makunduchi, kusini mwa Unguja, hadi leo kila Julai kwenye Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili za mji huchapana kwa mapande ya migomba na kutoleana ya moyoni, wanawake wakipita wakiimba vijembe, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na mwaka mpya umeingia. Aliyechapwa na aliyechapa wanakula pamoja mchana huohuo.

Kwenye dansi la Dar es Salaam ilikuwa hivyohivyo. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo sasa ni Msondo Ngoma, haikupata raha kamili mpaka Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978 na mtindo wake wa Sikinde. Muhidin Gurumo alitoka Msondo kwenda kuianza Sikinde, akapita kwingine, akarudi Msondo, na kila alipohama wapenzi waligombana kana kwamba golikipa ameuzwa. Zikiwekwa jukwaa moja, hata asiyejua kucheza alilipa kiingilio ili aone nani amefunikwa.

Lakini walioifikisha sanaa hii kileleni ni wanawake wa taarab, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nililelewa na shangazi ambaye mpira aliuona ni ujinga wa watu wazima. Yeye timu yake ilikuwa TOT. Miaka ya 1990, TOT ya kapteni John Komba na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ziligawana mji kama sisi tulivyougawana, TOT wakiwa na Khadija Kopa, Muungano wakiwa na Nasma Khamis. Shangazi hakwenda kusikiliza. Alikwenda kujibu. Wimbo ukifika ubeti unaomgusa jirani fulani, na jirani huyo yumo ukumbini, shangazi aliinuka bila haraka, akafunga upya mkaja wa kanga kiunoni, akatoa noti kwenye sidiria, akaikunjua, akaishika juu ya kichwa kwa vidole viwili. Njia fupi ya kwenda jukwaani ilikuwa upande wa kulia. Yeye alizunguka kushoto, akacheza polepole mbele ya meza ya adui yake, akasimama hapo kwa muda wa kibwagizo kizima bila kumtazama, ndipo akaenda kutunza. Mama yule naye alingoja ubeti wake. Asubuhi walikutana bombani, wakasalimiana, wakasaidiana kutwika ndoo. Nilipokuja kuujua mpira vizuri, nilikuta mengi nilishayaona pale.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Kuna mambo ya kile watu wanachokiita kwa staha kamati ya ufundi: timu inakwepa vyumba vya kubadilishia nguo, inaingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, na Bodi ya Ligi inatoza faini. Watu wazima wenye shahada wanatetea mambo haya kwa sauti ya chini. Tuyapite.

Linalonisumbua zaidi ni mkeka wa kubashiri. Mwaka huu nilikaa kibanda umiza, mabenchi ya mbao, feni moja, watu tumebanana, kijana wa mbele yangu amevaa jezi ya njano na kijani. Simba wakafunga. Akaruka, mikono juu, akashangilia. Kibanda kikanyamaza, watu wa pande zote mbili wakimwangalia. Kumbe alikuwa ameweka “timu zote kufungana” na sisi tulikuwa tumeshapata letu. Mashabiki wa Simba ndio waliomzomea kwanza, na walikuwa na haki. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtania. Umtanie kwa lipi? Akishinda hakushinda na mtu, akishindwa anayedaiwa ni yeye na simu yake.

Simu yenyewe nayo imeleta watani wasio na sura. Kijiweni, mtu akikutania anakuona macho, anajua lini umefiwa, lini mtoto kalazwa, na siku hiyo anakuacha. Kwenye simu mtu asiyekujua anakutukania mama saa nane usiku kwa sababu ya penalti. Huyo hana utani na wewe, kwa maana hatakuzika.

Halafu wapo waliodhani mji unaweza kupata timu ya tatu. Pan African ilimeguka kutoka Yanga miaka ya 1970, ikabeba ubingwa mwaka 1982, na bado wengi walirudi nyumbani. Azam FC wana uwanja wao Chamazi, wanacheza mpira mzuri, na msimu wa 2013/14 walichukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, jambo ambalo ungedhani lingeugawa mji sehemu tatu. Halikugawa kitu. Nina rafiki mmoja anayewashabikia kwa moyo wote. Siku ile walipotawazwa nilimpigia simu kumpongeza, nikasema wamestahili, wamecheza vizuri msimu mzima. Akashukuru kwa unyonge. Nikamuuliza vipi, mbona hana furaha. Akasema tangu asubuhi ameshapokea pongezi kutoka Simba na Yanga, watu wote wanamwambia hongera, na hakuna hata mmoja aliyekasirika.