Samaki wa Mawe Naye Asisahauliwe

Ukitajwa utajiri wa Ziwa Tanganyika, wengi wetu hufikiria dagaa na migebuka. Hapana shaka hiyo ndiyo riziki ya wananchi wa Ikola na Karema, na ya ndugu zetu wa visiwa vya Kipili. Lakini yuko samaki mwingine, asiyefika sokoni, ambaye hali yake yatueleza mengi juu ya afya ya ziwa hili.

Samaki huyo ni mdogo, wala hazidi urefu wa kiganja. Makao yake ni mawe ya ufukoni, pale mawimbi yanapovunjikia, ambapo maji aghalabu hayana kina cha zaidi ya mita chache. Wataalamu humwita Eretmodus, na jamaa zake ni Spathodus na Tanganicodus. Wageni humlinganisha na gobi wa baharini kwa jinsi wanavyofanana. Lakini kwa ukoo yeye si gobi, bali ni ndugu wa kuhe na sato. Kilichowafananisha ni maisha ya namna moja.

Kibofu cha hewa kinachowaelesha samaki wengine kwake kimepungua. Kwa hiyo haelei, bali hurukaruka juu ya mawe akikwangua mwani kwa meno yake. Malezi ni ya zamu: jike hutangulia kuyahifadhi mayai kinywani, kisha dume hupokea kazi hiyo.

Mwili huo unaomfaa mawimbini ndio pia udhaifu wake. Kuvuka ghuba pana ya mchanga au kilindi ni shida kubwa kwake. Pwani moja ya mawe ikiharibika, si rahisi wenzake wa pwani nyingine kuja kuijaza tena.

Na adui wa mawe ni udongo. Miteremko ikifyekwa na kulimwa bila matuta, mvua hushusha tope ziwani. Tope hufunika mwani na kuziba nyufa ambamo viumbe hawa hujificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba penye tope jingi aina za samaki hupungua.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Hatua hiyo ilikuwa na shabaha njema. Hata hivyo, kuanika nyavu hakuzuii tope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Lakini tope huanzia mbali zaidi, mlimani.

Hivyo basi, viongozi walioko Mpanda, mbali na ufuko, hawana budi kulitazama ziwa kuanzia shambani. Afisa kilimo, afisa misitu na afisa uvuvi wakae meza moja, kwani kila mmoja ameshika kipande cha kazi hiyo hiyo. Wananchi wa ufukoni na visiwani nao wayalinde mawe yao, wapande miti, na watoe taarifa mapema wanapoona maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka tope. Wao ndio wa kwanza kuona.

Samaki huyu hana bei sokoni. Lakini tope linalomfukuza leo halitaishia kwenye mawe yake.