Mbwa akiugua tumbo, mwenyewe ndiye ulimi wake

Shangazi yangu, aishiye kijiji kimoja kisicho mbali na Gede, ana mbwa aliyempa jina la Watasema. Sababu za jina hilo azijua yeye na majirani zake, nami si mtu wa kuchokonoa yasiyonihusu. Mbwa huyo ndiye mlinzi wa mahindi yake dhidi ya nyani na tumbili, na ndiye abwekaye usiku mgeni asiyejulikana anapoukaribia ua. Mnamo Mei 2023, masika yalipokuwa yamekolea, Watasema alianza kuhara. Nilipokwenda kumjulia shangazi hali mwezi wa Agosti, mbwa alikuwa angali akihara, mbavu zake zahesabika, na majirani wawili walikwisha kushauri atiliwe sumu "apumzike".

Ningependa, wasomaji wapendwa, hususan walimu wenzangu na wanafunzi, niyasimulie yaliyofuata. Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni maneno. Sikudhani hata siku moja kwamba uhai wa mnyama ungeweza kutegemea tofauti iliyopo baina ya kucheua na kutapika.

Nilipouliza mbwa ana nini, kila mtu alinijibu kwa maneno mawili: anaumwa tumbo. Muuza dawa za mifugo alipoambiwa hivyo, aliuza vidonge bila ya kuuliza zaidi. Jirani mmoja alipoambiwa hivyo, alileta maji ya mwarobaini. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, alimnywesha kijiko cha mafuta ya taa. Nisizunguke katika hili: mafuta ya taa si dawa ya tumbo la kiumbe yeyote, na mnyama akipaliwa nayo huingia mapafuni na yaweza kumwua kabla ya huo ugonjwa wenyewe. Lakini siwalaumu sana. Kila mmoja alilijibu swali aliloulizwa, na swali lenyewe lilikuwa pana mno. Tumbo ni mfuko wenye mengi.

Tulimtia Watasema ndani ya gunia safi, kichwa nje, tukampakia katika tuktuk hadi Malindi kwa daktari wa mifugo. Daktari hakuanza kwa sindano, alianza kwa maswali. Je, anapotapika hujikamua tumbo, au chakula humrudia tu? Hapo nikakumbuka kwamba Kiswahili kimekwisha kulitenga jambo hili zamani. Mtoto mchanga hucheua maziwa, hayamsumbui. Mlevi hutapika kwa kujikamua. Kinachorudi bila ya kujikamua aghalabu chatokana na umio. Kinachotoka kwa nguvu chatokana na tumbo au utumbo. Akauliza tena: anahara kingi kwa mara chache, au kidogo kidogo mara nyingi? Kinyesi kingi pamoja na kukonda huelekeza kwenye utumbo mwembamba. Kile kidogo cha mara kwa mara, chenye ute na damu mbichi, mnyama akijikamua, huelekeza kwenye utumbo mpana. Na kikiwa cheusi mfano wa lami, basi ni damu iliyomwagika juu huko ikasagwa njiani.

Shangazi alinitazama, nami nikamtazama. Hatukuwa na jibu hata moja. Aliyejibu ni mjukuu wake, mvulana aliyekuwa darasa la nane mwaka huo, miongoni mwa watahiniwa wa mwisho wa KCPE. Yeye ndiye afagiaye ua. "Kingi, mara tatu kwa siku," alisema, "na tangu wiki iliyopita ni cheusi."

Daktari aliuinua mdomo wa mbwa akatuonyesha ufizi. Ulikuwa mweupe kama karatasi. Kinyesi kilitiwa chini ya hadubini, na mayai yakaonekana wazi. Ilikuwa safura. Neno hili tunalitumia kwa binadamu, na asili yake ni neno la Kiarabu lihusulo umanjano na nyongo, kwa maana mgonjwa hupauka. Mbwa ana minyoo ya safura ya kwake, inayojibana katika ukuta wa utumbo na kufyonza damu. Watoto wa minyoo hiyo hukaa katika mchanga wenye unyevu na kivuli, na ndiyo maana masika ya pwani huwa ni sikukuu yao. (Wazee wetu, kwa njia, waliuita utumbo mwembamba chango, na mnyoo akaaye humo wakamwita chango vilevile.) Na wasomaji wa Watamu na Malindi wasidhani kwamba hayo ni ya mbwa peke yake: mtu akikanyaga pekupeku mchanga uliochafuliwa, watoto hao wa minyoo humpenya ngozi wakatambaa chini yake, wakamwachia mistari ya mwasho inayohama siku hata siku. Kuzoa kinyesi cha mbwa na kukizika mbali na wachezapo watoto ni sehemu ya tiba.

Mbwa alipewa dawa ya minyoo kwa kadiri ya uzito wake, na tukaambiwa turudi baada ya wiki tatu apewe tena, kwani kipimo cha kwanza hakiwamalizi walio wachanga waliomo mwilini. Uzito wenyewe tuliupata kwa hesabu ya shule ya msingi: mvulana alipanda mizani akiwa amempakata mbwa, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Kilo 11. Daktari alikadiria kwamba mbwa wa kimo kile angepasa kuwa na 16 au 17.

Hapa ndipo lilipozuka jambo lililomwumiza shangazi. Kwa wiki nyingi alikuwa akimnyima mbwa chakula, akiamini kwamba asiyekula hatahara. Hilo tumelifanyia hata watoto wetu. Kumbe utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, na chembe zake hupata sehemu kubwa ya lishe yake kutokana na chakula chenyewe kipitacho juu yake. Utumbo uliofungiwa chakula hukosa cha kujijengea. Wala dawa si kumjaza kwa pupa. Watoto wenye utapiamlo mkali wanapolazwa hospitalini huanza na maziwa hafifu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100, ndipo baadaye wakapanda hadi F-100. Mwili uliozoea njaa hauwezi kupokea karamu.

Basi Watasema aliwekewa wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila ya ngozi, konzi moja, mara tano kwa siku. Siku ambazo kuku hakupatikana, alipewa samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba yote. Shangazi alitaka kumtilia tui, akisema wali mkavu ni dharau. Tulimzuia kwa shida: mafuta ni mazigo kwa utumbo mgonjwa. Kitunguu na kitunguu saumu vilipigwa marufuku kabisa, kwa kuwa huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na huyu hakuwa na damu ya kupoteza. Maji aliwekewa wakati wote. Yale ya chumvi na sukari (lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi) alinyweshwa kidogo kidogo siku alizohara sana. Maji ya dafu, tuyapendayo, hayatoshi mahali pake, kwani sodiamu yake ni chache.

Kijana aliyetusaidia kumbeba ni Mwislamu, na katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi pwani hii, mate ya mbwa ni najisi ioshwayo mara saba, moja yake kwa udongo. Alijifunga mifuko ya plastiki mikononi, akaosha kama ilivyomlazimu, na hakuona mgongano wowote. Yeye ndiye aliyemsimulia shangazi, ambaye ni Mkristo, ile hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Majirani wa sumu walikuwapo. Hawakusema kitu.

Mvulana alipewa daftari aandike kila siku: amekula nini, amekwenda haja mara ngapi, kikoje. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wa chuo kikuu zilizojaa tamathali na zisizo na hata jambo moja lililoonwa kwa macho. Daftari lile halikuwa na tamathali. "Uji mzito, kahawia, hakuna ute." "Mara mbili tu leo." "Ufizi una wekundu kidogo." Daktari alilisoma lote tuliporudi, akaongeza vidonge vya madini ya chuma, na chakula cha kawaida kikarejeshwa taratibu kwa muda wa siku kumi.

Mwezi wa Novemba mizani ilionyesha kilo 15 na nusu. Daftari ninalo mimi sasa, niliombe au niliibe. Maandishi yake ya mwisho ni haya: "Mara moja. Kigumu. Amemfukuza nyani hadi barabarani."